Joho Mezani kwa Fundi

"Likate, dada fundi," mteja alisema, akilitandaza joho lake la uwakili mezani. "Wanangu wapate sketi za shule. Mawakili tumejaa mjini kama kumbikumbi, na kesi haba."

Tunu alishika mkasi, asikate. Chuo cha sheria kilikuwa kimemkubali, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kukijibu. Mama yake alishamwambia, "Baki na cherehani, mwanangu. Inakulisha."

Mteja alipotoka kupokea simu, Tunu alilivaa lile joho. Akasimama mbele ya kioo, akanong'ona, "Mheshimiwa Hakimu..."

"Mikono yake imekuzidi urefu."

Mteja alikuwa amerudi mlangoni, wala hakucheka. Alichukua chaki ya kutilia alama, akamnyooshea. "Tia alama, uipunguze."

Mkasi ulibaki mezani, mdomo wazi.