Siku Sita za Tsongo

"Bado anakohoa?" aliuliza Eriya, akiifungua pasipoti ya Tsongo juu ya meza.

"Hakohoi tena, Papa," alijibu Laurentine.

"Mungu asifiwe."

Eriya, mhasibu wa kampuni iliyokuwa ikijenga bwawa la umeme karibu na Kasese, alianza kuhesabu siku kwa ncha ya kalamu, tangu ule muhuri wa mpaka wa Mpondwe. Tsongo alikuwa amevuka kutoka Kongo kuja kuchimba mtaro kwa mkataba wa miezi minane. Wiki tatu zilizopita kifua kilimshinda, akalazwa hospitali ya Bwera, mpakani, mkewe Laurentine akamfuata.

"Mia moja sabini na saba, pamoja na leo. Sheria inataka mia moja themanini na tatu ili mtu awe mkaazi. Mkaazi, Mama, hatumkati kodi kwa laki mbili na elfu thelathini na tano za kwanza kila mwezi. Mgeni tunamkata tangu shilingi ya kwanza. Bwana yako tumemkata kama mgeni. Akifikisha siku, namrudishia ile kodi iliyozidi."

"Na siku ya kulala tu, bila kutumika kazi?"

"Inahesabiwa. Sheria haiulizi alikuwa anafanya nini. Inauliza alikuwa wapi. Awe upande huu wa mpaka, basi."

Laurentine aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, polepole, asije akayapoteza njiani.

"Ndugu zake wamekuja kumuchukua leo."

"Wakimvusha leo, hesabu imekatika! Waambie wangoje. Nyinyi watu wa Kasindi, ng'ambo huko, haraka yenu ni ya nini?" Eriya alicheka peke yake.

"Nataka afike nyumbani kama mutu," alisema Laurentine.

Alifika Bwera alasiri. Shemeji zake wawili walikuwa wameketi langoni mwa hospitali, na kando yao machela ya kusukwa ambayo watu wa milimani hubebea wagonjwa.

"Shemeji, mupaka itafungwa," alisema mkubwa wao. "Tumubebe."

"Mungoje siku sita."

"Siku sita! Mama yake amesimama barabarani tangu asubuhi. Unamufunga huku juu ya franga, juu ya pesa tu?"

Laurentine aliingia ndani. Aliipita wodi ya wanaume bila kugeuza kichwa, akalizunguka jiko la wauguzaji, akafika kwenye jengo dogo la nyuma lisilo na madirisha. Mzee aliyevaa buti za mpira alimfungulia mlango wa chuma, na baridi ikatoka kuwalaki.

"Mama, sanduku imepatikana?" aliuliza mzee huyo, mlinzi wa maiti.

"Bado," alisema Laurentine. "Lakini siku ya leo imehesabiwa."