Siku Tatu za Lizboni

"Samaki wasije na vichwa," Nurudini alisema kwenye simu huku akigeuza chapati. "Adija akitazamwa na samaki, hali tena."

Kule Ufaransa, shemeji yake Hashimu alicheka kicheko cha mtu aliyeshiba. Mkongomani huyu alimwoa Adija mwaka jana, na sasa alikuwa akimpangia safari ya siri, ya wawili tu: siku tatu Lizboni, huko Ureno, kuona makanisa ya kale, kuonja vyakula vya watu na kupika pamoja kwenye darasa la mtu na mkewe.

"Weye ndiye unamujua, bofrere," alisema, akimwita shemeji kwa Kifaransa cha kwao. "Miye nimemukuta juzi tu."

Nurudini alimjua kweli. Hata Zaitun, muuza dagaa wa meza ya jirani pale sokoni kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hakulibisha hilo, ingawa aliguna kila simu ilipolia. "Unajichoma mwenyewe," alimwambia. Nurudini akajifanya hasikii.

Yeye na Adija walikimbia Burundi pamoja. Kambini ilivuma kwamba yatima wa tumbo moja hawatenganishwi, wakiitwa Ulaya huondoka wote. Ulikuwa uvumi mtupu. Adija aliitwa, yeye akabaki na karai lake la mafuta. Tegemeo lake likawa moja tu, Hashimu amwombee naye aende. Kwa tegemeo hilo angewapangia hata safari ya mwezini.

Basi akapanga. Siku ya kwanza wapande tramu, zile gari za reli za mjini, wasitembee vilimani, maana goti la kushoto la Adija huuma kwenye baridi. Siku ya pili waende sokoni, halafu darasani. "Sufuria mwachie yeye. Wewe menya vitunguu, na usimsifu mpaka aonje mwenyewe."

Siku ya tatu Hashimu alitaka wakasikilize nyimbo za huko.

"Hapana, shemeji. Ni za huzuni zile. Adija akilia halali, na ukimwuliza kulikoni anageukia ukutani. Ikitokea, mwache. Mfunike miguu tu."

"Weye kaka ya kweli," Hashimu alisema. "Dada zangu miye, sijui hata wanakula nini."

Nurudini alitandaza chapati nyingine. "Na lile jambo langu?"

Hashimu akakohoa. "Nimeuliza, bofrere. Wanasema bwana, bibi na watoto, hao wanapokewa. Kaka, hapana. Pole sana."

Chapati iliungua. Nurudini aliitazama ikiungua, asiitoe. Miaka yote ya kungoja ilimwishia pale pale, na hakuwa na wa kumlaumu. Alitamani kulia, lakini wateja walikuwa wamesimama mbele yake na vikombe vyao vya chai.

"Kitu ya mwisho," Hashimu aliendelea kwa sauti ya kubembeleza. "Nataka nimuvalishe pete mupya kule. Kidole yake ni kipimo gani?"

Nurudini akavuta uzi shingoni mwake, akaitoa pete aliyomvisha Adija mbele ya shehe, ile aliyorudishiwa asubuhi walipokwenda kujiandikisha kuwa kaka na dada. Akaazima futi ya fundi cherehani, akaipima, akamsomea shemeji yake kipimo.