Kutwa Bila Rimoti

Rimoti ilipotea asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe, hakuna mtoto aliyelia.

Bibi alikuwa uani akianika nguo. Aliporudi sebuleni, televisheni aliyoiacha ikipiga kelele ilikuwa kimya, na wajukuu wake watatu wamekaa wamebanana kama watu wanaosubiri sindano.

"Haya, nani kaificha?"

"Hatujui, Bibi," alijibu mkubwa wao, msichana ambaye nyumba nzima ilimwita Meneja kwa anavyopenda kuamuru. "Njoo tucheze."

Bibi nusura amguse paji la uso. Jana aliwabembeleza wacheze, wakampa mgongo. Juzi aliwabembeleza, wakaongeza sauti. Nje jua lilikuwa la kukaanga mtu, ndani kioo kile kilikuwa kimemnyang'anya watoto, naye hakuwa na la kufanya. Na alfajiri hiyo mwanawe, fundi ujenzi, alimwambia huku akifunga kamba za buti: "Mama, sikulaumu. Ila wakishinda tena mbele ya televisheni, kesho nawapeleka kituo cha kulelea watoto, likizo yote. Jioni nikirudi nitawauliza wenyewe."

Likizo yote! Yaani Bibi abaki na kuta nne, azungumze na masufuria? Thubutu. Leo ni leo.

Basi wakacheza. Waligeuza viti na mashuka kuwa pango. Walimwaga kopo la vifungo wakavipanga kwa rangi. Walikunja soksi kuwa mipira wakalenga ndoo. Kiroboto, yule wa kati, mvulana asiyetulia hata usingizini, leo alilenga taratibu, akingoja zamu yake. Kila Bibi alipoketi apumue, Meneja alimvuta mkono: "Bado mchezo mmoja, Bibi!" Magoti yake yalikuwa yanalia, lakini angekataaje, na bahati yenyewe ndiyo hii?

Simu yake ndogo ikaita. Meneja aliidaka, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Alikuwa Mama. Anasema tucheze na wewe mpaka arudi. Simu nimeiweka chaji."

"Na wewe unalia nini?"

"Vumbi la pangoni."

"Mashuka nimeyafua juzi, mtoto wewe!" Bibi akacheka peke yake.

Mchana jirani aligonga. Meneja alitoka na kuurudisha mlango nyuma yake. Zikasikika sauti za chini, kisha mtu akipenga kamasi.

"Alitaka nini?"

"Chumvi."

"Mbona hukumpa?"

"Amesema basi."

Bibi akatikisa kichwa. Jirani huyo naye, mafua yasiyoisha na chumvi isiyokaa.

Baada ya chakula Meneja alimletea dawa yake ya presha na glasi ya maji. Kazi hiyo kwa kawaida ilimshinda hata mwanawe, maana Bibi na vidonge hawakuwahi kupatana. Leo mtoto alisimama mbele yake mpaka akameza, kisha akamwambia apanue kinywa amwone.

"Umekuwa daktari?" Bibi akauliza. Hakuna aliyecheka.

Ilipofika zamu ya viberiti, Kiroboto alianza kupanga visanduku vyake, kimoja juu ya kingine. Kitinda, yule mdogo kabisa, akasema ni ghorofa la Baba. Likapanda likafika kimo cha meza, likayumba, likaporomoka. Kitinda aliangua kilio ambacho Bibi hakuwahi kukisikia kwake, hata siku aliyoungua mkono.

"Hee! Viberiti tu hivi? Tutalijenga tena, mume wangu."

Kitinda akazidi. Bibi alimpakata, akamwimbia, akampa sukari mkononi, wapi. Mtoto alimng'ang'ania shingoni, naye akabaki anampapasa tu mgongo, hajui anachomtulizia. Meneja alivizoa viberiti vyote akavirudisha kabatini. "Hiki hatuchezi tena," alisema.

Jioni ilipokaribia, Bibi mwenyewe akaanza kuwashwa. Kulikuwa na tamthilia yake, na leo ndiyo siku ya mke mdogo kuumbuliwa. Alibonyeza kitufe cha kwenye televisheni, lakini kile kilikufa zamani.

"Jamani, nitafutieni hiyo rimoti. Kidogo tu. Baba yenu hatajua."

Wote watatu walimtazama. Kiroboto alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Baba alikataza," alisema.

Bibi aliona haya mpaka masikioni. Mtu mzima ovyo, anashindwa na watoto kwa sheria ya mwanawe mwenyewe! Akarudi chini, akaokota soksi. "Haya, zamu ya nani?"

Walikuwa bado wanalenga ndoo mlango ulipofunguliwa. Mkwewe aliingia na sare yake ya uuguzi. Nyuma yake alikuwa kaka yake, na nyuma ya kaka, yule jirani wa chumvi.

Bibi aliinuka kwa kushika kiti, uso wote meno.

"Mwanangu, afadhali umefika! Mumeo yuko wapi, aje awaulize mwenyewe? Hawajaigusa televisheni kutwa nzima! Kesho hawaendi popote hawa, wanabaki na bibi yao!"

Mkwewe alipiga magoti, lakini si mbele ya Bibi. Alimshika Meneja mabega.

"Dawa ya presha amekunywa?"

"Amekunywa, Mama. Nimemwona akimeza." Mtoto alichomoa rimoti kiunoni, akaiweka mkononi mwa mama yake. "Na tangu waonyeshe ghorofa la Baba limeanguka, hajaiona televisheni hata kidogo."