Karatasi Iliyozibwa Jina

Paskazia aliandika "mwenye busara", akayatazama maneno hayo, akayafuta. Moyo wake ulikataa katakata kumwita Ikram mwenye busara.

Mezani palikuwa na ukurasa mmoja wa Kiingereza, jina limezibwa kwa wino mweusi. Mkufunzi wa Kizungu aliyekaa na kitengo chao cha tafsiri miezi mitatu pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, alikuwa ameondoka, akaacha tathmini mbili, moja ya kila mfasiri. Na wafasiri wenyewe walikuwa wawili tu, yeye na Ikram. Mmoja wao angekuwa mkuu wa kitengo kabla siku haijaisha. Kamati ilitaka kuzisoma tathmini kwa Kiswahili, basi asubuhi hiyo Mzee Eliakimu wa utawala alipita na bahasha mbili.

"Majina nimeyaziba," alisema. "Tafsirini, pigeni muhuri, mnirudishie saa sita. Na msioneshane."

"Sema saa tano, mzee," Paskazia alimwambia. "Saa sita umeme hautakuwepo."

Mzee Eliakimu alicheka tu. Alishamzoea.

Sasa, ni nani mwenye akili timamu atakayempa mtu atafsiri tathmini yake mwenyewe? Paskazia hakuhangaika hata kuipeleka karatasi dirishani auchungulie ule wino. Hii ilikuwa ya Ikram, basi.

Na kama palibaki shaka, mstari wa kwanza uliimaliza. Vijana wapya wa mafunzo kazini wakikwama, aliandika mkufunzi, humkimbilia yeye. Loo, Ikram tena! Ikram wa miaka ishirini na saba, Ikram wa asali ya Kondoa anayomgawia hadi mlinzi wa getini, Ikram aliyekula chakula cha mchana na mkufunzi kila siku ya Mungu. Paskazia alikuwa na miaka kumi na sita kazini na hakuna aliyewahi kumkaribisha hata chai. Alijua kuwa huo ni wivu, wala hakuuonea haya.

"Ikram, funga dirisha. Vumbi hilo."

Ikram alifunga. Paskazia akamwambia na feni azime, na feni ikazimwa.

Akarudi kazini. Neno la kwanza lilikuwa refu kama treni ya SGR. Lilikuwa neno la mtu ambaye akisema jambo, wenzake hulishika, kwa kuwa anajua anachokisema. Kiswahili chake kilikuwepo wazi: "huzungumza kwa uhakika wa mjuzi". Lakini neno hilo lina majirani zake, moja la mtu mwenye kuamrisha, jingine la mtu mwenye kufoka, na kutoka mlango huu hadi ule ni hatua moja tu. Nani katika kamati angefungua kamusi? Paskazia aliandika, "Huamrisha wenzake." Akaona bado, akaongeza, "kwa kufoka."

Neno la pili lilikuwa la mtu anayeliona jambo kabla halijafika. Mkufunzi alitoa na mfano: mtu huyo alisema mapema kwamba mkutano wa Machi utaahirishwa, na kweli ukaahirishwa. Hapo Paskazia alisonya kwa sauti. Jambo hilo yeye ndiye aliyelisema kwanza, tena mbele ya watu! Ikram alilidakia wapi, hata sifa zimwendee yeye?

"Mwenye kuona mbali" ilikuwa tayari vidoleni. Akaipita. Akapita la manabii, akapita la watabiri, akashuka hadi kule chini kwenye vibuyu na hirizi. Akaandika, "Ana tabia ya mpiga ramli." Kisha akacheka peke yake.

Ikram aliinua kichwa. "Yako inachekesha, dada?"

"Fanya kazi yako."

Ikram alisogeza kiti, akanong'ona. "Tumekatazwa, najua. Lakini hii yangu nadhani inakuhusu wewe, dada. Kuna neno lilitaka kukuharibia, nikalitafutia Kiswahili cha heshima."

Paskazia aliona aibu kidogo, ikapita. Kumbe ndivyo, kila mmoja anayo ya mwenzake! Na mtoto huyu amemsafishia njia kwa mkono wake mwenyewe. Akainamia tena kazi yake. "Mwenye busara" akaandika "mjuaji". "Mwenye msimamo" akaandika "mbishi". Akagonga muhuri, akatia saini chini ya maneno "tafsiri sahihi na ya kweli", na saa tano kamili bahasha ilikuwa mezani kwa Mzee Eliakimu.

Saa sita kasoro dakika tano umeme ulikatika.

Saa tisa wakatangaza. Mkuu wa kitengo, Ikram. Korido nzima ilikuwa vigelegele, hata mlinzi alipanda juu kumpa mkono. Paskazia alisimama mlangoni. Kwa karatasi ile? Kamati ilikuwa imesoma nini?

Mzee Eliakimu alimkuta hapo hapo, akamshika bega.

"Nimewabembeleza, dada yangu, wamekataa. Wanasema hawawezi kuwapa vijana bosi anayefoka. Lakini mimi nimekuheshimu. Ukweli wa namna ile sijauona tangu nianze kazi."

"Ukweli upi, mzee?"

"Ungejionea huruma hata kidogo," alisema, akitikisa kichwa. "Mimi kila mtu nilimpa karatasi yake mwenyewe, makusudi kabisa, ili asiwepo wa kumharibia mwenzake."