Faili la Bertila

Josefina alikuwa amelikalia faili. Hakupata mahali pengine pa kulificha, maana kabati la masjala ya hospitali lilikuwa wazi na Cornelia alikwisha kuingia bila hodi.

Cornelia alikuwa shangazi wa kijana anayeoa. Alikuja na chupa ya togwa ya ulezi na swali moja. Posa haipelekwi kwa macho tu. Watu huulizia kwanza ukoo, tabia na afya. Ukoo wa binti, Bertila, walishauulizia, na tabia yake wameisifu hata majirani. Imebaki afya, akasema, na afya yake imo humu ndani.

Josefina alikuwa amechoka. Miaka ishirini na miwili ya kutunza mafaili ilikuwa imemwingia magotini. Pale dirishani walishapita waume, wakwe, hata katekista, kila mmoja na sababu yake nzuri, na wote aliwajibu neno lilelile: siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Togwa aliinywa. Jibu hakutoa.

Cornelia hakuamini kwamba mtu anaweza kunyamaza katika jambo kama hili. Akashusha sauti.

"Atazaa au hatazaa? Niambie hilo tu. Kijana ndiye huyo mmoja tuliye naye. Nyumba itafungwa mlango."

Josefina alijua kilichoandikwa. Alikisoma wiki iliyopita alipokuwa akihamishia mafaili kwenye kompyuta: upasuaji wa dharura, damu nyingi, kizazi kimeondolewa. Tangu siku ile usingizi ulimpaa, na alimwonea binti yule huruma mpaka ikamuuma.

"Muulizeni Bertila mwenyewe," alisema.

Cornelia alibeba chupa yake akaondoka amenuna, akisema hajaona mwanamke mwenye roho ngumu namna ile.

Jumamosi wazee wa pande mbili walikutana nyumbani kwa kina Bertila. Mshenga alipomaliza maneno yake, baba wa binti akauliza kama yupo mwenye lolote la kusema kabla posa haijapokelewa. Bertila aliinamisha kichwa. Cornelia akageukia mkeka aliokalia mama wa kijana, na watu wote wakageukia huko.

Josefina akainuka pale mkekani, amejishika kiuno.

"Sina neno," alisema.