Aliyetangulia Pale Reli

Mzee Waweru alikuja amekumbatia sufuria iliyotoboka kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Hii ndiyo ilipika chai ya kwanza hapa," alimwambia Ndolo, kijana wa reli aliyekuwa amefika na koti la kung'aa, tepu ya kupimia na mkebe wa rangi. Ndolo alikuwa ameuliza swali moja tu: nani alitangulia kujenga hapa?

Jamani, swali hilo! Kimji chenyewe, huku ndani Kajiado, hakikuwa na jina. Watu walisema tu "pale reli". Kabla Ndolo hajashuka vizuri kwa pikipiki, uvumi ulikuwa umefika sokoni: stesheni inaletewa kibao, na jina litakalopakwa ni la mwanzilishi. Waweru mwenye hoteli alitaka jina la marehemu baba yake pale juu kuliko alivyotaka kuingia mbinguni.

Shida ilikuwa Koko Nasieku, bibi wa Kimaasai mwenye duka. Yeye alileta kibuyu cha mama mkwe wake, akaapa kwamba treni ilianza kusimama hapa kwa sababu madereva walipenda maziwa yake. Waweru akauliza kama treni ni ndama. Watu walicheka, na Nasieku akakasirika kweli. Akasema boma lao lilikuwa hapa kabla ya reli, na wazungu wenyewe waliipinda wasisumbue ng'ombe.

"Boma linahama na ng'ombe," Waweru alisema. "Hoteli yetu haijawahi kuhama hata siku moja."

Hapo Nasieku akashusha kibuyu chake, maana ni kweli walikuwa wamehama, tena mara nyingi.

Waweru akaona mlango umefunguka. Akamvuta Ndolo mpaka jikoni, watu wote na Nasieku wakifuata, akamwonyesha nguzo: ni vyuma vya reli vyenyewe. Akamwonyesha vile ukuta uko karibu na njia, hata treni ikipita vikombe vinacheza.

"Baba yangu hakuomba ruhusa ya mtu. Alishuka kwa treni, akapenda mahali, akajenga."

Ndolo alipima kutoka kwa reli hadi ukutani, kisha akapima tena.

"Mzee, uko na uhakika?"

"Niko na mashahidi."

Macho yote yakamgeukia Nasieku. Mama wa watu alijikaza, akafuta machozi kwa shuka, akakubali kwamba hoteli ndiyo ya kwanza. Waweru alimhurumia kidogo, akamwahidi chai ya bure siku ya sherehe ya kibao.

Ndolo alimpa Waweru mkono, akafungua mkebe, akapaka X kubwa nyekundu kwenye mabati ya hoteli.

"Asante kwa kutusaidia, mzee. Hii ni ardhi ya reli, na tumeambiwa tuanze kubomoa na aliyetangulia."

Waweru aligeuka kumtafuta Nasieku. Alikuwa ameshafunga duka, na alikuwa anaeleza kila mtu kwamba yeye kwao ni Bisil, hapa alikuja tu kusalimia.