Kasi ya Mia Tatu

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe, lakini hakukibonyeza. Alikuwa ameshapandisha kasi ya waya wa maandishi, iliyokuwa mia tatu tu, upande wa mashine na upande wa skrini, akamgeukia mlinzi wa pampu.

"Bibi, nikithibitisha hapa, maandishi yatakimbia. Hutayawahi."

Kwa miaka tisa, kila asubuhi, mashine ya pampu ilipoamka iliandika hali yake kwenye skrini herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi, aliyeishia darasa la tatu, aliifuatisha kwa midomo. Kusoma kwake kote kulitoka hapo. Ila mashine haikuvuta maji mpaka imalize kuandika, na ilimaliza baada ya robo saa nzima.

"Naweza kuiacha ilivyo," fundi akasema. "Nitawaambia ofisini imenishinda."

"Ikushinde wewe, na miwani yote hiyo?" Bibi akacheka. Akachungulia dirishani, kwenye foleni ya ndoo.

"Wale wana kiu, mwanangu. Bonyeza."

Fundi akabonyeza, akaiwasha mashine upya. Maandishi yakapita mbio, bibi asiambulie hata neno. Pampu ikanguruma huku chai ya bibi ikiwa bado ya moto.

Kisha skrini ikatulia. Mistari ya mwisho ilikuwa imebaki pale pale, imejaa kioo kizima, wala haiendi popote.

Bibi akavuta kiti, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.